Alumini ya 87, kisu cha 58: kipi kigumu zaidi?

Swali: Assalamu aleikum, Mwalimu. Mimi ni fundi wa boti hapa Likoni, Mombasa. Mwaka jana nilitengeneza mabamba mawili ya kushikia kapi la nanga kwenye boti ya watalii. Mabamba ni alumini ya 6082-T6, unene milimita 10, na pini ni ya stenlesi 316, kipenyo milimita 16. Haijatimia miezi minane, matundu ya pini yamekuwa kama yai. Lililonishangaza zaidi ni kwamba hata pini yenyewe imelika mfereji, na mimi najua stenlesi ni ngumu kuliko alumini. Sasa muuzaji mmoja ananiletea bamba la 7075-T6. Anasema ugumu wake ni Rockwell 87, ilhali kisu kizuri cha jikoni ni Rockwell 58 tu, kwa hiyo alumini hii ni ngumu kuliko pua, yaani chuma cha visu. Mzee aliyenifunza kazi anakataa katakata. Anasema alumini ni ya sufuria na haijawahi kukishinda chuma. Nani mkweli, na je, ninunue?

Jibu: Wa aleikum salaam, mwanangu. Usilinunue bamba hilo kwa kazi ya kapi. Nimetanguliza jibu kwa kuwa najua muuzaji hangoji, lakini nakuomba usome mpaka mwisho, maana matundu yako hayakuharibika kwa kukosa ugumu. Ukibadilisha bamba bila kujua kilichoyala, mwakani utarudi kuniuliza swali lile lile huku bamba la bei kubwa limeharibika vile vile.

Tuanze na hizo namba mbili. Rockwell si kipimo kimoja, ni ukoo wa vipimo, na kila kimoja kina herufi yake. Kwa Rockwell B, mashine husukuma gololi ndogo ya inchi 1/16 kwa uzito wa kilo 100. Kwa Rockwell C husukuma ncha ya almasi iliyochongwa kama pia, kwa kilo 150. Kila herufi huhesabu kuanzia sifuri yake yenyewe. Mtu akikwambia kitambaa hiki ni 5 na kile ni 4, hujaambiwa kitu mpaka ujue kipi kilipimwa kwa shibiri na kipi kwa dhiraa, kwani dhiraa 4 ni ndefu kuliko shibiri 5. Karatasi ya muuzaji wako ingeandikwa vizuri ingesema HRB 87 kwa alumini na HRC 58 kwa kisu. Herufi imedondoka njiani, na bila herufi namba ya Rockwell haina maana yoyote. Sisemi muuzaji alikusudia kukudanganya. Nimewaona hata watu waliosoma wakitumbukia shimo hilo hilo.

Tuzipime zote kwa kipimo kimoja basi. Mimi napenda cha Brinell kwa sababu fundi yeyote anaweza kukiona kwa macho. Johan August Brinell, mhandisi wa Uswidi, alikionyesha mwaka 1900. Unachukua gololi ya milimita 10, unaikandamiza juu ya chuma kwa kilo 3000, kisha unaiondoa na kupima upana wa kishimo kilichobaki. Uzito ukigawanywa kwa eneo la kishimo, umepata namba ya ugumu. Alumini kwa kawaida hupimwa kwa kilo 500, maana kilo 3000 zingeizamisha gololi mno.

Kwa Brinell, 7075-T6 ni kama 150. Kisu cha HRC 58 ni zaidi ya 600. Kwa hiyo kisu kina ugumu mara nne ya bamba hilo. Maneno ya muuzaji tumeyamaliza.

Lakini mzee wako naye hajashinda. Bamba la chuma la kawaida, lile linalochomewa mageti na matangi kila siku hapa Mombasa, huwa kati ya 120 na 140. Liweke karibu na 7075-T6 na ukweli ni kwamba alumini hiyo ni ngumu kuliko chuma hicho. Ukilikwaruza bamba la chuma laini kwa kona kali ya 7075, alama itabaki kwenye chuma. Mzee anaifikiria alumini ya sufuria, na kwa hiyo hakukosea: alumini tupu, au ile iliyochanganywa manganizi kidogo, iko 20 hivi ikiwa imelainishwa, na 40 ikiwa imefinyangwa kwa ubaridi. Ndiyo maana sufuria la biriani la harusi hurudi na mabonde kila lilipogongwa na upawa. Kati ya sufuria na 7075 kuna ngazi ndefu. Fremu za madirisha, 6063-T5, ziko karibu 60. Alumini ya boti ya 5083 iko kama 85. Hiyo yako ya 6082-T6, pamoja na ndugu yake 6061-T6, ziko kama 95. Ile ya shaba inayotumika kwenye ndege, 2024-T3, iko 120.

Upande wa chuma ngazi inaanza pale pale panapofikia alumini, kisha inaendelea kupanda. Stenlesi 316 kama ya pini yako huwa 150 na kitu, na hufika 200 ikiwa imevutwa kwa ubaridi. Springi ya lori, ambayo wahunzi wetu wanafulia panga na visu, hupita 400. Tupa yako ya mezani hupita 650. Alumini ngumu kabisa zinazouzwa hazifiki hata 200. Alumini inapofika kileleni, pua ndiyo kwanza inaanza safari.

Kwa hiyo ukiulizwa alumini na chuma ni kipi kigumu, uliza kwanza: alumini gani, chuma gani, na vimepikwaje? Hilo la mapishi ndilo mafundi wengi hawalizingatii. Herufi na tarakimu baada ya kistari si pambo. 7075 iliyolainishwa, yenye alama ya O, ina ugumu wa 60 tu. Ile ile, mchanganyiko ule ule, ikipashwa moto, ikatumbukizwa majini, kisha ikaachwa kwenye joko la joto dogo kwa saa nyingi, inakuwa T6 na kufika 150. 6061 nayo hutoka 30 ikafika 95. Chuma cha springi hufanya hivyo hivyo: kikilainishwa hakifiki 200, kikizimwa kwenye mafuta kinapanda mara mbili au zaidi.

Njia za kuufikia ugumu huo lakini ni mbili tofauti, na inafaa uzijue kwa sababu zinakuathiri pale unapochomea. Chuma hugumishwa na kaboni. Ukikipasha hadi mia nane na zaidi, kaboni huyeyuka ndani yake, na ukikizima ghafla inanaswa humo. Hapo hapo, kikiwa bado kinatoa mvuke, kimeshakuwa kigumu. Alumini ni kinyume. Ukiizima majini inatoka laini, unaweza kuikunja, halafu inakuwa ngumu polepole yenyewe. Mjerumani Alfred Wilm aligundua jambo hili mwaka 1906 alipokuwa akijaribu alumini yenye shaba na magnesi kidogo. Kipande alichokipima kikiwa laini, baada ya siku kadhaa alikikuta kigumu, wala hakuna aliyekigusa.

Fikiria jamvi kubwa lililotandikwa sakafuni. Kulivuta lote kwa pamoja ni kazi, lakini ukilifanyia mkunjo upande mmoja na kuusukuma mkunjo huo hadi upande wa pili, jamvi linasogea kwa urahisi. Chuma chochote kikibonyea, safu za chembe zake husogea hivyo hivyo, mkunjo kwa mkunjo. Sasa chukua changarawe uzitawanye chini ya jamvi. Mkunjo utanasa. Katika alumini ya 6082, changarawe hizo ni vipande vidogo mno vya magnesi na silikoni vinavyojikusanya wakati inapumzika kwenye joto la digrii 160 au 175 hivi. Ukiizidishia moto, changarawe huungana, zinakuwa chache na kubwa, na mkunjo unapata njia ya kupita katikati. Ugumu umekwenda.

Hilo nililijua kwa hasara. Nilipokuwa kijana niliunda ngazi ya kupandia boti kwa mirija ya 6061-T6, nikaichomea vizuri, weldi zikatoka safi hata mwenye boti akazisifu. Haikumaliza msimu. Ilipinda, na haikupinda kwenye weldi hata moja. Ilipinda sentimita mbili pembeni, pale joto lilipopita. Alumini ile ina nguvu ya megapaskali 310 hivi (megapaskali moja ni nyutoni moja kwa kila milimita ya mraba) kabla ya kuchomewa. Karibu na weldi hubaki kama 165. Nilikuwa nimenunua T6 na kuigeuza kitu kingine kwa mkono wangu mwenyewe. Tangu siku ile, kitu kitakachochomewa na kukaa baharini nakitengeneza kwa 5083. Haigumiki kwa moto, kwa hiyo haina mengi ya kupoteza kwa moto: hata karibu na weldi inabaki na megapaskali 275 au karibu na hapo. Kwenye jedwali la ugumu 6082 inaishinda. Kwenye boti iliyochomewa, 5083 ndiyo inayoshinda.

Na usitafute rangi nyekundu ukipasha alumini ili uikunje. Haiwi nyekundu. Inabaki na sura yake ile ile mpaka inapoanza kulegea na kudondoka, kwani ikiwa tupu inayeyuka kwa digrii 660, na 6061 huanza kabla ya 600. Ukitaka ishara, paka sabuni ya kipande juu yake. Sabuni ikigeuka nyeusi, jua umeshailainisha.

Sasa turudi kwenye tundu lako, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Lugha yetu imelitwisha neno "gumu" mizigo mingi. Twasema chuma kigumu tukimaanisha hakibonyei, au hakipindi, au hakikatiki, au hakiliki. Kwa fundi hayo ni mambo manne, na kipimo cha ugumu kinajibu la kwanza tu: kitu hiki kinapinga kiasi gani kubonyezwa na kingine? Kupinda, kwa mfano, hakuhusiani kabisa na ugumu. Chukua ukanda wa sufuria na ukanda wa 7075-T6 wenye vipimo sawa, ubane ncha moja na uning'inize uzito mdogo kwenye ncha ya pili. Yote miwili itashuka sawasawa, maana alumini zote zina ukakamavu wa gigapaskali 70 hivi. Ukanda wa chuma utashuka theluthi yake tu, maana chuma kina 200 na zaidi, kiwe cha geti au cha tupa. Tofauti itaonekana ukiongeza uzito: ukanda wa sufuria utabaki umepinda, wa 7075 utarudi ulivyokuwa.

Kwenye chuma peke yake ugumu na nguvu hufuatana kama chanda na pete. Zidisha namba ya Brinell kwa 3.45 na utapata nguvu yake kwa megapaskali, karibu vya kutosha kwa kazi ya karakana. Bamba la 120 lina kama 410. Kwenye alumini usiitumie hesabu hiyo, kwani kila ukoo una uwiano wake.

Je, tundu lako lilibonyea? Tupige hesabu. Tuseme nanga imenasa kwenye mwamba na winchi inavuta nusu tani. Kamba inavuta kapi kwa pande mbili, kwa hiyo pini inaweza kubeba hadi tani moja, yaani nyutoni 9,800 hivi. Kila bamba linaishika pini kwa upana wa milimita 16 na unene wa milimita 10, ambazo ni milimita 160 za mraba. Mabamba mawili, 320. Gawanya: megapaskali 30 na kidogo. 6082-T6 huanza kulegea ikifika karibu 250. Ulikuwa na akiba ya mara nane. Tundu lako halikubonyezwa na mzigo, na bamba gumu zaidi lisingekusaidia chochote.

Lililikwa. Na ushahidi umenipa mwenyewe: mfereji kwenye pini.

Ukichomoa pini nyingine kama hiyo, kabla hujaifuta, tazama grisi iliyoshika ndani ya tundu. Ikiwa nyeusi na ukiisugua kwa vidole inakwaruza, umemkamata mwizi. Nanga inapopanda inakuja na mchanga. Mchanga mweupe wa matumbawe si tatizo kubwa, ni jamii ya chokaa na ni laini. Lakini mchanga unaoletwa na mito umejaa kwozi, madini magumu yanayong'aa kama kioo, na kwozi inaikwaruza hata tupa. Chembe ya kwozi ikiingia kati ya pini na bamba inatafuta pa kukaa. Kwenye stenlesi inazama kwa shida. Kwenye alumini inazama nusu na kujishikilia, nusu ya pili imebaki nje. Pini inapozunguka, inazunguka juu ya meno. Alumini laini imekuwa tupa, na stenlesi ngumu ndiyo inayopigwa tupa. Wasugua vito wanaifanya hila hii kwa makusudi kwa karne nyingi: wanachukua diski ya shaba iliyo laini, wanaipaka unga wa almasi, unga unazama ndani yake, kisha wanalisugua jiwe gumu kwa diski hiyo.

Kuna mwizi wa pili ndani ya nyumba. Alumini ikikutana na hewa hujivika ngozi ya oksidi papo hapo. Ngozi hiyo ni nyembamba hata haionekani, na ndiyo inayoilinda na chumvi. Pembe za Ndovu pale Moi Avenue ni bati za alumini na zimekaa miaka mingi kwenye upepo wa bahari, na ugumu wake mdogo haujazidhuru. Lakini oksidi ya alumini ikiwa fuwele ndiyo yakuti. Kwenye ngazi ya madini aliyoipanga Friedrich Mohs mwaka 1812, yakuti iko ya 9, chini ya almasi tu. Pini inapoisugua alumini, ngozi inabanduka, nyingine inaota, nayo inabanduka. Vumbi hilo likichanganyika na grisi, umejitengenezea dawa ya kusugulia vyuma ndani ya tundu lako.

Mwizi wa tatu ni maji ya chumvi. Stenlesi na alumini vikigusana ndani ya maji hayo vinakuwa betri ndogo, na anayelipa ni alumini. Nadhani uliona unga mweupe kuzunguka tundu. Huo ni mwili wa bamba lako.

Na usisahau kwamba stenlesi si jina la ugumu. 316 yako haigumiki kwa moto hata uizime mara kumi. Stenlesi ya visu ni ukoo mwingine, wenye kaboni. Sumaku inakinasa kisu kwa nguvu lakini 316 inaigusa kidogo au haiigusi kabisa. Pini ya ugumu wa 150 na kitu mbele ya kwozi ni kama siagi tu.

Sasa ulitie bamba la 7075 kwenye picha hii. Kwozi itazama humo vile vile, labda kwa kina kidogo tu. Oksidi ni ile ile. Chumvi itaila zaidi, kwa kuwa 7075-T6 ina zinki na shaba, na shaba hiyo inaipunguzia uwezo wa kustahimili chumvi. Ikiwa imebeba mzigo ndani ya hewa ya bahari inaweza kupasuka ufa bila kupinda kwanza, na wakati mwingine hubanduka tabaka kwa tabaka kama mkate uliokauka. Tena huwezi kuichomea kwa njia zetu za kawaida bila kuhatarisha nyufa. Ni alumini ya heshima kwenye ndege, ambako hukaguliwa kwa ratiba na kulindwa kwa rangi. Kwenye kapi la nanga, mbele ya mawimbi, hapana.

Umeuliza pia, nafikiri bila kuliandika, utajuaje kama bamba unalouziwa ndilo hilo. Huna mashine ya Brinell, lakini una jiliwa, na hilo linatosha. Tafuta gololi ya milimita 10 kutoka beringi iliyovunjika. Chukua kipande cha chuma laini unachokijua, unene wa milimita 6 au zaidi, ukisafishe kwa msasa mpaka king'ae, na bamba la alumini ulifanyie vivyo hivyo. Weka gololi katikati ya hivyo viwili, kama nyama ndani ya mkate, ubane vyote kwenye taya za jiliwa. Vaa miwani ya kinga na ufunike kwa kitambaa kizito, kwa sababu gololi ya beringi ikivunjika hurusha vipande. Kaza polepole kwa mkono. Usiigonge kwa nyundo kamwe.

Fungua, na utaona vishimo viwili, kimoja huku na kimoja kule, vimebanwa na nguvu ile ile. Hapo ndipo uzuri wake, huhitaji kuijua nguvu yenyewe. Pima upana wa kila kimoja kwa kalipa, mara mbili, wima na mlalo. Mfano: kwenye chuma umepata milimita 2.4, kwenye alumini 2.7. Zidisha kila namba kwa yenyewe: 5.76 na 7.29. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, umepata 0.79. Ikiwa chuma chako ni 120, alumini hiyo ni kama 95, na hiyo ndiyo 6082-T6 au 6061-T6. Ukiona kishimo cha alumini ni kidogo kuliko cha chuma, ndipo umeshika kitu cha jamii ya 7075. Ukikuta ni milimita 4 na zaidi huku cha chuma kikiwa 2.4, hiyo ni laini na mtu ameiandika T6 kwa kalamu. Kosa la asilimia 10 lipo, lakini 60 na 150 hutazichanganya.

Kwa chuma kigumu kuna njia fupi zaidi. Pitisha kona ya tupa mpya. Ikiuma na kutoa unga, chuma ni laini. Ikiteleza kama juu ya kioo, kimefika HRC 60 au karibu na hapo. Springi ya lori iko katikati, tupa inaigusa lakini kwa shida, na mkono wako utaisikia tofauti hiyo baada ya mara tatu.

Matengenezo yenyewe ni haya. Mabamba ya 6082 yaache, yanatosha kwa mzigo. Shida ni kwamba uliiacha pini izunguke ndani yake. Pini ifungwe isizunguke: chonga bapa kwenye ncha yake na uibane kwa kipande kidogo cha bamba chenye bolti mbili. Mzunguko wote uhamie kwenye kapi. Matundu yaliyokuwa yai yapanue kwa mashine, usitumie tupa, yawe duara la milimita 22, na uhakikishe kuna nyama ya kutosha kutoka tundu hadi ukingoni, kama milimita 35 kutoka katikati. Ndani yake ingiza bushi, yaani mirija mifupi ya kuivika pini, za plastiki ya asetali nyeusi zenye ukosi, unene milimita 3, ili stenlesi isiguse alumini popote, hata ubavuni. Kapi nalo lipate bushi yake ya asetali, ukiacha nafasi ya milimita 0.1 au 0.2.

Usitumie nailoni hata kama ni rahisi kuipata. Inakunywa maji, inavimba na kuibana pini. Usiweke bushi ya shaba nyekundu wala ya njano pia, ingawa wazee waliitumia kwenye mabomba ya meli za chuma. Shaba na alumini ndani ya maji ya chumvi ni mbaya kuliko stenlesi.

Najua utasema: asetali ni laini kuliko vyote tulivyovitaja, tundu litadumu vipi? Litadumu kwa sababu chembe ya kwozi ikiingia humo inazama yote, haibaki na nusu ya nje ya kuisugua pini. Na bushi ikichoka baada ya msimu mmoja au miwili, unaisukuma nje kwa kidole gumba na kuingiza nyingine, bamba likiwa zima.

Pini mpya ipime leo kwa kalipa, uandike namba ukutani, uipime tena baada ya miezi mitatu. Mwambie nahodha amwage ndoo moja ya maji baridi yasiyo na chumvi juu ya kapi kila jioni, na bolti zote za stenlesi zinazopita kwenye alumini zivae wosha za plastiki.